Ndoo iliyonyamaza: hofu za mpika pombe wa mara ya kwanza

Katika mazungumzo yetu ya juma hili kutoka London, Mtanzania mmoja aishiye kusini mwa jiji hilo anasimulia jinsi alivyojifunza kupika pombe nyumbani kwa ajili ya posa ya mpwa wake, na jinsi alivyotambua hofu zipi zilikuwa za bure na zipi zilikuwa za kweli. Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo hayo kama yalivyosomwa hewani.



Usiku mmoja wa mwezi wa Februari nilikuwa nimepiga magoti jikoni kwangu, huko Tooting, kusini mwa London, sikio nimelitega kwenye ndoo ya plastiki. Ndani ya ndoo hiyo mlikuwa na lita 23 za maji ya kimea niliyoyapika siku nzima. Juu ya mfuniko nilikuwa nimechomeka kijibomba chenye maji kidogo, kile kinachoiruhusu hewa ya ndani itoke na kuizuia ya nje isiingie. Maelekezo niliyopewa dukani yaliahidi kwamba kijibomba hicho kitatoa mapovu. Saa 30 zilikuwa zimepita tangu nitie hamira, na ndoo ilikuwa kimya kama jiwe.

Msikilizaji anaweza kuuliza, mtu mzima anapoteza usingizi kwa sababu ya ndoo? Sababu ilikuwa hii. Binti wa dada yangu, aliyezaliwa hapa Uingereza, alikuwa anaposwa. Wazee wa upande wa mwanamume walikuwa waje nyumbani kwangu baada ya wiki saba, nami ndiye mjomba. Kwetu Kilimanjaro mazungumzo ya namna hiyo hayaanzi hivi hivi. Huanza kwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na mbege ya posa hainunuliwi dukani.

Nilimpigia simu mama yangu mdogo aliyeko Marangu, ambaye amepika mbege tangu akiwa msichana. Nikamweleza kwamba ndizi mbivu ninazo, maana masoko ya Tooting na Brixton yamejaa ndizi za kila namna. Ulezi nao ninao, kwa kuwa Wahindi wa mtaani kwetu huula na kuuita ragi. Lakini gome la msesewe, linaloipa mbege uchungu wake, sikuliona popote.

Akanijibu: "Basi pika pombe ya huko uliko, mwanangu. Weka ulezi ndani yake, wazee wauone. Wanachotaka kujua ni kwamba umepika wewe, hukununua."

Kabla sijaendelea, niwaombe radhi wale ambao dini yao au hiari yao imewatenga na kileo. Siwaiti katika kunywa. Lakini chachu inayofanya kazi ndani ya ndoo ya pombe ni ndugu yake ile inayouumua mkate wa kumimina, na vijidudu vinavyoichachusha togwa na kuyagandisha maziwa kuwa mtindi vina tabia zinazokaribiana nayo. Ninayoyasema leo yanamhusu pia mama anayefunika sufuria ya togwa usiku na kujiuliza asubuhi kama imeharibika au imeiva.

Je, sheria inaruhusu?

Hofu yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya polisi. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo neno "pombe ya kienyeji" na neno "msako" yalitajwa pamoja. Hapa Uingereza, tangu William Gladstone alipoiondoa kodi ya kimea mwaka 1880, mtu aliyetaka kupika bia nyumbani kwake alitakiwa kukata leseni. Leseni hiyo ilifutwa mwaka 1963, wakati Reginald Maudling alipokuwa Waziri wa Fedha. Tangu hapo mtu mzima anaweza kupika bia nyumbani kwa matumizi yake na ya wageni wake bila kumwomba mtu ruhusa. Hawezi kuiuza. Wala hawezi kuikeneka na kuifanya pombe kali. Hilo bila leseni ni kosa la jinai. Kuchachusha ni halali, kukeneka ni haramu. Tutaona baadaye kwamba tofauti hiyo haimhusu mtoza kodi peke yake.

Ukimya wa kwanza

Nirudi kwenye ndoo. Nilimpigia mama mdogo tena. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia kwamba pombe imekufa.

"Umeifunua mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara tano, mama."

"Mtoto aliyelala humfunui kila saa ukitazama kama anapumua. Iache."

Alikuwa amesema kwa maneno yake jambo ambalo wataalamu hulieleza kwa maneno yao. Hamira ni kiumbe hai, kidogo kiasi kwamba hakionekani ila kwa hadubini. Ikitiwa katika maji ya kimea haianzi kazi papo hapo. Kwanza hunyonya hewa ya oksijeni iliyomo majini, hujijenga, huzaana. Kazi hiyo ya kimya huweza kuchukua saa 12, saa 24, na wakati mwingine hata siku mbili au tatu iwapo hamira ni chache au mahali pana baridi. Baada ya hapo ndipo huanza kuila sukari kwa nguvu na kutoa vitu viwili, yaani kileo na hewa ya ukaa. Hiyo hewa ya ukaa ndiyo mapovu ninayoyasubiri.

Jambo la pili ambalo mwanafunzi hajui ni kwamba kijibomba kile ni shahidi asiyeaminika. Mfuniko wa ndoo ukiwa haukubana sawasawa, hewa hupitia pembeni na kijibomba hunyamaza huku pombe ikichacha vizuri. Shahidi wa kweli ni haidromita, chombo cha kioo kinachoelea na kupima uzito wa maji. Maji matupu husoma 1.000. Maji yangu ya kimea, kwa kuwa yalikuwa na sukari nyingi, yalisoma 1.045. Kadiri hamira inavyoila sukari ndivyo namba inavyoshuka. Asubuhi ya siku ya pili ilikuwa 1.040. Pombe haikuwa imekufa.

Si mimi wa kwanza katika jiji hili kuogopa kitu ambacho sikuwa na macho ya kukiona. Mwaka 1871 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alifika London na kuzuru kiwanda cha bia cha Whitbread, katika mtaa wa Chiswell. Hicho kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya wakati huo, na wakuu wake walikuwa wamepika bia miaka mingi. Pasteur aliiweka chachu yao chini ya hadubini akawaonyesha kwamba ilikuwa imechanganyika na vijidudu vinavyoharibu bia. Aliporudi baada ya siku chache, akakuta wamekwisha nunua hadubini yao wenyewe. Kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876, na tangu hapo mpishi wa bia akaacha kukisia.

Povu na harufu

Usiku wa siku ya pili ndoo ilianza kusema, na hapo nikatamani ingenyamaza. Povu zito la rangi ya maziwa lilipanda, likaingia ndani ya kijibomba, likamwagika juu ya mfuniko. Kando ya ndoo ukafanyika utando wa kahawia kama matope. Jikoni kukanuka mayai viza.

Mtu anayeanza akiyaona hayo hudhani pombe imeoza. Haikuoza. Povu hupanda kwa sababu hewa inatoka kwa wingi. Utando wa kahawia ni mabaki ya kimea na hopsi yaliyosukumwa juu. Na harufu ile ni ya salfa, ambayo baadhi ya hamira huitoa zinapofanya kazi, kisha huondoka yenyewe pamoja na mapovu. Niliosha kijibomba, nikakichovya katika dawa ya kuua vijidudu, nikakirudisha. Hakuna jingine lililohitajika.

Dawa hiyo ndiyo inayostahili hangaiko ambalo wengi wetu hulipoteza kwenye povu. Kuosha chombo si sawa na kuua vijidudu vilivyomo. Chombo huoshwa kwanza kikatakata, kisha ndipo hutiwa dawa, na kila kitakachoyagusa maji ya kimea baada ya kuchemshwa na kupoa, kuanzia ndoo na mpira wa kuhamishia hadi mkono wako mwenyewe, lazima kipitie humo. Maji yakiwa yanachemka, moto hukulinda. Yakishapoa huna ulinzi mwingine ila usafi, mpaka hamira iishike ndoo. Ikishaishika, hujilinda yenyewe, maana kileo, ukali wa asidi na uchungu wa hopsi huwazuia wadudu wengi wa maradhi wasistawi.

"Haitatupofusha?"

Jirani yangu ni Mluhya kutoka Kakamega, ambako mama yake alikuwa akipika busaa. Alikuja kuiona ndoo, akaizunguka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, hii haitatupofusha?"

Swali lake halikuwa la mzaha. Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapoteza macho baada ya kunywa pombe yenye sumu. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa huko Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Mei mwaka 2014 Kenya ikazika tena watu zaidi ya 80. Katika misiba hiyo yote sumu ilikuwa ni methanoli, ile spiriti inayotumika viwandani.

Lakini tuelewe methanoli inatoka wapi. Uchachukaji wa nafaka huitoa kwa kiasi kidogo mno, na wa matunda huitoa zaidi kidogo, lakini si kwa kiasi cha kumdhuru mnywaji wa bia au mbege. Hatari huingia kwa mlango mwingine, pale mfanyabiashara anaponunua spiriti ya viwandani na kuichanganya katika chang'aa au waragi ili iwe kali na ya bei nafuu. Ndiyo maana nilisema tofauti kati ya kuchachusha na kukeneka haimhusu mtoza kodi peke yake. Ndoo yangu isingeweza kumpofusha jirani yangu. Nilimweleza hivyo, akatulia.

Ila nilipomaliza kumtuliza nikakumbuka jambo nililotenda wiki moja kabla, na mimi mwenyewe nikakosa utulivu.

Ili kupata kimea cha ulezi, punje huloweshwa siku moja, kisha hutandazwa penye unyevu mpaka ziote vimizizi, halafu hukaushwa na kusagwa. Kuota huko huziamsha zile chembechembe zinazougeuza wanga kuwa sukari. Nyumbani ulezi hukaushwa juani. London mwezi wa Februari hakuna jua la kukaushia hata leso, basi nikazitandaza punje zangu juu ya taulo karibu na bomba la kupasha nyumba joto, nikazisahau siku nne. Nilipofunua nikaona nywele za kijivu na madoa ya kijani. Ilikuwa kuvu. Nilisita. Punje zilikuwa kilo tatu, na nilizitafuta kwa shida. Nikajiambia, si zitachemshwa? Moto utaua kila kitu.

Bahati njema nilimtajia mama mdogo. Hakunieleza sayansi yoyote. Alisema neno moja: "Tupa." Kisha akaongeza: "Nafaka yenye ukungu hata kuku sitampa."

Nilitupa. Baadaye ndipo nilipojua nimeepushwa na nini. Januari mwaka 2015, katika kijiji cha Chitima, jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu waliotoka mazikoni walikunywa kinywaji cha mahindi ambacho wenyeji hukiita pombe, jina lilelile letu. Watu 75 walikufa, naye mama aliyekipika akiwa miongoni mwao. Mwanzoni ilivumishwa kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha vingine. Kinywaji kilipikwa kwa unga wa mahindi uliokuwa umeharibika baada ya kulowa, na ndani yake mlikuwa na bakteria waliotoa sumu kali iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Bakteria hufa motoni, lakini sumu waliyoiacha hubaki.

Na si Msumbiji tu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, katika wilaya kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Nayo haiishi kwa kupikwa.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nikiogopa mahali pasipostahili. Nilipiga magoti usiku kwa ajili ya ndoo iliyonyamaza, ambayo haikuwa na neno, na nilikuwa tayari kuzitumia punje zenye kuvu, ambazo zilikuwa na neno kubwa. Uchachukaji husamehe makosa mengi ya mwanafunzi. Haugeuzi nafaka mbovu kuwa njema.

Ukimya wa pili

Siku ya saba mapovu yalikoma. Siku ya tisa bado kimya. Nikasema, kazi imekwisha. Sikuitoa haidromita kabatini, kwa sababu nilijiona nimekwisha kuwa fundi. Niliihamisha pombe katika chupa, nikatia sukari kidogo kila moja ili ipate gesi, kama gramu tano kwa lita, nikazifunga kwa vizibo vya chuma na kuzipanga katika kabati lenye tangi la maji moto, mahali penye joto kuliko pote nyumbani.

Usiku wa siku ya tano niliamshwa na mshindo. Chupa moja ilikuwa imepasuka. Vipande vya kioo vilikuwa vimejichoma katika ubao wa mlango wa kabati, kimo cha uso wa mtoto. Ninaye mtoto wa miaka sita, na taulo zake hukaa kabatini humo.

Nini kilitokea? Hamira nyingi za bia ya namna hii hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi joto 18 na 22 za Selsiasi. Ikizidi sana, pombe hupata ladha kali ya kuumiza kichwa. Ikipungua sana, hamira hulala. Katika nyumba nyingi za hapa, mashine ya kupasha joto huzimwa usiku ili kupunguza gharama, na sakafu ya jikoni kwangu hushuka hadi nyuzi 12. Hamira haikuwa imemaliza sukari. Ilikuwa imelala kwa baridi. Mimi nikaichukua na sukari yake yote, nikaiongezea nyingine, nikaifungia ndani ya kioo na kuiweka penye joto. Ikaamka.

Nilizifunika chupa zilizosalia kwa blanketi, nikazitoa nje kwenye baridi, maana baridi hupunguza msukumo. Kesho yake nikavaa glavu nene na miwani ya kazi, nikalegeza kizibo kimoja kimoja na kumwaga pombe yote. Ile niliyoipima ilisoma 1.024. Pombe iliyokwisha ingesoma 1.012 au karibu na hapo. Kipimo cha dakika mbili kingeniambia hivyo kabla sijaugusa mpira.

Jiji hili lina kumbukumbu ya kutisha juu ya jambo hilo. Tarehe 17 Oktoba 1814, katika kiwanda cha Meux kando ya barabara ya Tottenham Court, ukanda mmoja wa chuma ulichomoka katika pipa kubwa la mbao lililojaa bia nyeusi. Mfanyakazi aliyeuona hakushtuka, kwa sababu kanda hizo zilikuwa zikichomoka mara kwa mara na hakuna lililowahi kutokea. Saa moja baadaye pipa lilipasuka, mapipa mengine yakafuata, na gharika ya bia ikabomoa ukuta na kuingia katika nyumba za maskini wa mtaa wa St Giles. Watu wanane walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Baadhi walikuwa katika chumba cha chini ya ardhi wakimwombolezea mtoto wa miaka miwili. Mahakama ilisema ni ajali. Leo mahali hapo pamesimama ukumbi wa maonyesho wa Dominion, na maelfu hupita bila kujua.

Nimeusimulia msiba huo kwa sababu yule mfanyakazi wa 1814 nami wa juzi tulikosea kosa moja. Tulichukua ukimya kuwa dalili ya usalama.

Siku yenyewe

Zilibaki wiki nne kamili. Nilianza upya. Ulezi mpya niliutandaza kwa safu nyembamba na kuugeuza asubuhi na jioni, ukakauka ukinukia kama mkate. Niliusaga, nikaukoroga katika maji ya nyuzi 65 kwa saa moja, nikachuja, nikauchanganya na kimea cha shayiri na kuchemsha pamoja na hopsi. Nilisubiri yapoe hadi nyuzi 20 ndipo nikatia hamira, kwa kuwa maji ya moto huiua. Ndoo niliivika koti langu la baridi na kuiweka chumbani, mbali na sakafu. Iliponyamaza sikuisikiliza. Nilipima, nikangoja siku tatu, nikapima tena. Namba ilipokuwa ileile mara mbili, 1.012, ndipo nilipoijaza katika chupa, na chupa hizo nikaziweka ndani ya sanduku zito lenye mfuniko.

Siku ya posa wazee walikuja saba. Watatu kati yao ni Walutheri wasioonja kileo, nami nikawa nimewaandalia togwa ya ulezi uleule. Mzee wao mkuu alipokea bilauri, akaitazama rangi, akamimina tone chini kwa ajili ya waliotangulia, akanywa. Akakaa kimya. Wasikilizaji, baada ya wiki saba nilikuwa nimejifunza kutouogopa ukimya, lakini ule niliuogopa.

Hatimaye akasema: "Si mbege. Lakini ulezi nimeuonja. Nani amepika?"

Dada yangu akanionyesha kwa kidole. Mzee akaweka bilauri mezani na kusema: "Basi, mjomba, tuzungumze habari ya watoto hawa."

Neno la mwisho

Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kabisa kwa afya. Kwa hiyo simhimizi yeyote aanze. Lakini kwa yule ambaye mila au mapenzi yake yatamfikisha mbele ya ndoo, na kwa yule anayefunika sufuria ya togwa, naacha mambo manne. Anza na nafaka safi, na yenye kuvu itupe hata kama ni ya ghali. Safisha vyombo, kisha viue vijidudu. Usifunge chupa mpaka kipimo kimesoma namba moja mara mbili. Na usinywe pombe kali ambayo hujui nani aliyeitengeneza.

Mengine yote, yaani povu, harufu, utando wa kahawia na usiku wa kwanza usio na sauti, ni kazi ya hamira. Iachie.

Nilimpigia simu mama mdogo jioni ile kumweleza kwamba posa imekubaliwa. Alifurahi, kisha akaniuliza nilibakiza ulezi kiasi gani. Nikamwambia kilo moja.

"Uanike vizuri," akasema. "Bado harusi."